Muhula wa Zizi na Ubao wa Drafti



Mwisho wa kila muhula, kila kundi la kazi za mikono hapa seminarini huandika taarifa na kuikabidhi kwa Padre mlezi anayesimamia kazi. Kundi la bustani huandika mafungu ya mchicha na kabichi, kundi la nguruwe huandika waliozaliwa na waliouzwa, na sisi wa zizi la ng'ombe huandika maziwa. Jioni ya mwisho kabla ya likizo tuliketi kwenye benchi nje ya zizi, daftari likiwa magotini, tukaanza kujaza. Ng'ombe wanaokamuliwa: 5. Ndama waliozaliwa: 2, wote wazima. Maziwa kwa wiki 16: lita 4,312. Wanakundi mwanzo wa muhula: 7. Wanakundi mwisho wa muhula: 6.

Hapo mwenzetu aliyeshika kalamu alisita. Chini ya kila namba fomu ina nafasi ya kueleza sababu ya kupungua. Maziwa yakipungua unaandika kwamba ng'ombe fulani aliugua kiwele. Ndama akifa unaandika alikufaje. Tulitazamana, na hakuna aliyetaka kusema la kuandika.

Sisi sita ni waseminari wa mwaka wa kwanza wa falsafa. Tunaandika kwa pamoja kwa sababu tulilokosea tulilikosea pamoja, na kwa sababu tunadhani wapo wasomaji, hapa ndani na huko parokiani, ambao jambo hili linawahusu.

Tulipopangiwa zizi mwanzoni mwa muhula, wanne kati yetu hatukuwa tumewahi kushika chuchu ya ng'ombe. Wawili tumekulia mjini, ambako maziwa tuliyajua yakiwa kwenye pakiti. Wiki ya kwanza mmoja wetu alipigwa teke, akaanguka kwenye samadi na kanzu yake, kwa maana alikuwa ametoka kanisani moja kwa moja bila kubadilisha nguo. Ndoo nayo ilimwagika. Mzee anayetunza zizi, ambaye amekuwa hapa kabla ya walezi wetu wengi, alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha alituonyesha tangu mwanzo: namna ya kuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, namna ya kukausha, namna ya kupaka mafuta na kubana chuchu kwa vidole kuanzia juu kwenda chini bila kuivuta.

Mwenzetu wa saba hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa mtoto wa wafugaji, wa tatu kwa kuzaliwa, na baba yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya yeye kujiunga nasi. Alikuwa akiingia zizini anaongea. Anawasalimu ng'ombe, anawauliza wamelalaje, anawakuna shingoni, ndipo anakaa kwenye kigoda. Tulimcheka kwa hilo. Lakini daftari halikucheka. Zamu yake ilipofika, maziwa yaliongezeka lita 2 au 3, na zamu yetu ilipofika yalirudi chini. Tulidhani ana mikono mizuri tu.

Mzee ndiye aliyetueleza. Alisema, "Wanangu, ng'ombe anamjua mtu mwenye haraka. Ukija na haraka anakuficha maziwa." Tulidhani ni maneno ya wazee, hadi bwana mifugo alipokuja kuchanja akatuambia kwamba mzee yuko sahihi. Maziwa hayashuki kwa nguvu ya mkono peke yake. Ng'ombe akitulia, mwili wake hutoa homoni ya oksitosini inayoyasukuma maziwa yashuke kwenye kiwele. Akiogopa au akisumbuliwa, mwili hutoa adrenalini, na kazi ya ile homoni ya kwanza huzuiliwa. Maziwa yamo, ila huyapati. Tuliandika maelezo hayo kwenye daftari kama somo, tukapiga mstari chini yake, tukaendelea kukamua kwa haraka.

Haraka yetu ilikuwa na sababu. Ratiba ya seminari wengi mnaijua. Tunaamka saa 11 alfajiri, tafakari, Masifu ya Asubuhi, Misa Takatifu, chai, masomo hadi saa 7 kasoro, chakula, kazi za mikono saa 9 alasiri, michezo, Masifu ya Jioni, kujisomea, chakula cha usiku, kisha saa nzima ya maburudisho ya pamoja kabla ya sala ya mwisho na ukimya mkuu. Ukiitazama ratiba hiyo ukiwa na mtihani wa mantiki unaokuja, na Kilatini ambacho hujakielewa, macho yako yanatafuta mahali pa kuiba muda. Huwezi kuiba kwenye Misa. Huwezi kuiba darasani. Mahali pekee ambapo hakuna anayekuandika jina ni saa ya maburudisho.

Wiki za kwanza saa hiyo ilikuwa na uhai. Mwenzetu wa saba alikuwa ametengeneza ubao wa drafti kutoka kipande cha ubao wa kreti, akauchora kwa wino na rula, na kete zake zilikuwa vizibo vya soda, upande mmoja vimetazama juu na upande wa pili vimetazama chini. Aliuweka kwenye baraza ya bweni baada ya chakula cha usiku, na foleni ilikuwa ndefu. Aliyefungwa alipisha mwingine. Mbele ya ubao ule tulijua nani anapenda Simba na nani Yanga, nani ana dada anayesomea uuguzi, nani alitoroka sekondari siku mbili akarudishwa na mama yake kwa fimbo. Mambo hayo hayakuwa kwenye mtaala wowote.

Kazi za darasani zilipoongezeka tulianza kuja barazani na vitabu. Kwanza mmoja, akisema anamalizia ukurasa. Kisha watatu. Ifikapo wiki ya 8 sote sita tulikuwa na vitabu, na aliyecheza alicheza akiwa na kidole kati ya kurasa. Na Jumamosi, tulipopewa simu zetu kwa saa chache, tuliketi kwenye baraza ileile, kila mmoja ameinamia kioo chake, baraza kimya kama wakati wa mafungo. Mwenzetu alikuwa akipanga vizibo, anangoja kidogo, anavipangua. Siku moja ubao haukuwepo. Tunaona aibu kusema kwamba hatukumbuki ilikuwa siku gani.

Tunataka kuwa wakweli kuhusu jambo jingine lililotusukuma. Wengi wetu tuko hapa kwa jasho la watu. Tumewaona akina mama wa jumuiya ndogondogo wakileta debe la mahindi kanisani siku ya mavuno, na tunajua debe lile halikutoka kwenye ghala lililojaa. Unapocheza drafti ukijua ugali ulioula umetoka kwa mjane, dhamiri inakuchoma. Tulijiambia kwamba kusoma saa ile ni kuheshimu mahindi yao. Lilikuwa wazo zuri, na kwa sababu lilikuwa zuri, halikutupa nafasi ya kulichunguza.

Kisha ukaja usiku wa ndama wa pili. Ilikuwa saa 5 usiku, ukimya mkuu umeanza, na kesho yake asubuhi tulikuwa na jaribio la mantiki. Mwenzetu alikwenda zizini kwa ruhusa kwa sababu alikuwa ameona jioni kwamba ng'ombe ana dalili. Baadaye alirudi akagonga madirisha yetu taratibu. Ndama alikuwa amekuja vibaya, miguu ya nyuma ikitangulia, na mzee alihitaji mikono. Wawili wetu tulitoka. Wanne tulisikia, tukajifunika blanketi. Ndama alivutwa, alitoka hai, na mwenzetu alibaki kumkausha kwa magunia hadi alipoweza kusimama na kunyonya. Asubuhi aliingia kwenye jaribio macho mekundu, akapata 38. Mmoja wetu alimwambia, kwa nia njema kabisa, "Ungelala, Frateri. Mzee angemudu." Alitabasamu tu.

Wiki ya 13, siku ya Jumanne, aliondoka. Tulikuwa darasani. Tuliporudi bwenini tulikuta godoro limekunjwa na kabati liko wazi. Mchana Padre mlezi alitutangazia kwa maneno machache kwamba ndugu yetu ameomba kurudi nyumbani, amekubaliwa, tumwombee. Tulimwombea. Alasiri tulikwenda zizini kama kawaida, na tukamuuliza mzee kama amesikia.

Mzee aliacha kufagia. Akasema, "Kwani ninyi hamkujua? Mimi alinieleza tangu mvua za kwanza." Tukanyamaza. Akaendelea, bila ukali, "Mafrateri, ninyi ni watu wazuri na mnafanya kazi. Lakini mkishakamua mnaondoka. Yeye alikuwa anakaa hapa kwenye benchi, anaongea." Kisha akaingia kwenye chumba cha pumba akatoka na ubao wa drafti na mfuko wa vizibo. Mwenzetu aliuacha kwake.

Jumamosi tulipopata simu tulimpigia, sauti ikiwa imefunguliwa, sote sita tumezunguka. Alifurahi kweli kutusikia. Aliuliza kwanza habari za ndama wa usiku ule. Tulipojaribu kuomba msamaha alitukatiza. "Msijilaumu, ndugu zangu. Ningeondoka tu. Nilisali, niliongea na baba wa kiroho, niliongea na mama. Nina amani." Kisha akanyamaza kidogo. "Ila nilitamani niwaage. Nilikuja barazani siku tatu na ubao wangu, nikisema leo nitawaambia. Mlikuwa na vitabu."

Mengine aliyotuambia ni yake, hatutayaandika hapa.

Tangu siku hiyo tumerudia mara nyingi mambo mawili tuliyofundishwa muhula huohuo, na ambayo tuliyaandika vizuri sana kwenye mitihani.

La kwanza ni la darasani. Mwalimu wetu wa historia ya falsafa ya kale alituuliza neno shule limetoka wapi. Tulikisia Kiarabu. Akatuambia limetoka kwa Wajerumani waliotawala nchi hii, waliosema Schule, kama vile skuli ya Wazanzibari inavyotokana na Kiingereza. Yote mawili yanatokana na Kilatini schola, na Kilatini kililichukua kwa Wagiriki, scholē. Na scholē kwa Wagiriki ilikuwa na maana ya wasaa: muda ambao mtu hafukuzwi na shughuli, anapoweza kutazama, kufikiri na kuzungumza na rafiki. Darasa zima lilicheka, kwa sababu sisi tulikuwa tumechoka na shule. Akaongeza kwamba Aristotle, katika kitabu cha 10 cha maadili yake kwa Nikomako, anaona kuwa mtu huhangaika na shughuli kwa ajili ya wasaa, kama anavyopigana vita kwa ajili ya amani. Sisi tulifikiri kinyume: mapumziko yapo ili kesho uweze kufanya kazi tena, kama kumpumzisha ng'ombe wa kulimia. Na kama yapo kwa ajili hiyo tu, asiyechoka anaweza kuyaruka.

La pili tulilipata kwenye mafundisho ya baba yetu wa kiroho. Alituambia kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapoeleza katika Summa Theologiae ule uvivu wa rohoni uitwao acedia, haielezi kama dhambi ya mtu asiyeshika jembe. Anasema dhambi hiyo inapingana na amri ya kuitakasa Sabato. Yaani mvivu wa namna hiyo ni mtu ambaye moyo wake hauwezi kutulia na kufurahi katika Mungu, hata kama mikono yake haisimami kutwa nzima. Siku ile tuliandika na kutikisa vichwa. Hakuna aliyefikiri kwamba yeye, aliyekuwa na kitabu kwapani hata kwenye chakula, anaweza kuwa ndiye mvivu anayezungumzwa.

Sasa tunafikiri hivi. Mwenzetu alifanya kazi kama mtu mwenye wasaa, na sisi tulipumzika kama watu walio kazini. Yeye alikaa na ng'ombe, na ng'ombe akatoa maziwa. Alikaa na mzee, na mzee akamsikiliza. Alikuja kukaa nasi, akatukuta tumefunga. Alichokuwa nacho moyoni kilikuwemo, ila kwetu hakikuweza kushuka.

Hatusemi kwamba vitabu ni vibaya. Mtihani wa mantiki tuliufaulu sote sita, na tunamshukuru Mungu. Wala hatusemi kwamba tungecheza drafti zaidi mwenzetu angebaki. Yeye mwenyewe amesema hapana, na kuondoka seminarini kwa amani baada ya kusali si kushindwa. Mapadre wetu hutukumbusha kwamba malezi yapo ili mtu atambue wito wake, na wapo wanaoutambua nje ya geti hili. Tunalosema ni dogo kuliko hilo, na linatuumiza zaidi: ndugu yetu alipita kwenye uamuzi mkubwa kuliko yote ya maisha yake akiwa vitanda vitatu kutoka kwetu, na aliyejua ni mzee wa zizi.

Tumejiuliza pia tutakuwa mapadre wa namna gani, Mungu akipenda. Paroko ana Misa, vigango, ujenzi wa kanisa, vikao, wagonjwa, mazishi. Hatakosa kitabu cha kushika mkononi muumini anapokuja kukaa naye barazani bila sababu ya kueleweka. Injili ya Marko inasimulia kwamba mitume walirudi kutoka utume wao wakiwa wamezungukwa na watu hata wasipate nafasi ya kula, na Yesu akawaita waende naye mahali pa faragha wapumzike. Tunafahamu pia kwamba watu waliwatangulia huko, na Yesu akawahurumia akaanza kuwafundisha. Zamani tuliona sehemu ya pili inaifuta ya kwanza. Sasa tunaona kwamba ni Moyo uleule, unaowaona walio karibu kwamba wamechoka na walio mbali kwamba hawana mchungaji.

Turudi kwenye fomu. Baada ya kukaa kimya muda mrefu tuliandika: "Mwenzetu mmoja amerudi nyumbani kwa uamuzi wake. Sisi wa kundi lake tulijua mwisho, baada ya mzee wa zizi." Padre mlezi aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake. Tulitegemea atatuonya au atatufariji. Aliuliza tu, "Na ninyi sita, mnajuana?" Akatupa likizo njema.

Njiani kwenda kituo cha basi tulijaribu kulijibu swali hilo. Ilibainika kwamba mmoja wetu alikuwa na mama aliyelazwa tangu Novemba, na watano hatukujua.

Muhula huu tumekubaliana mambo mawili, ya kawaida kabisa. Tukishakamua tunakaa robo saa kwenye benchi la mzee kabla ya kuondoka. Na baada ya chakula cha usiku vitabu vinabaki mezani na ubao unatoka nje. Vizibo viwili vimepotea, tunatumia punje za mahindi. Hatujawa watakatifu. Wiki ya kwanza tu mmoja wetu alikutwa na karatasi ya nahau za Kilatini mfukoni, akatozwa faini ya kufua mataulo ya zizi. Maziwa yameongezeka kidogo, ingawa mzee anasema ni kwa sababu ya majani ya mvua.

Ninyi waumini mnaotutegemeza kwa mahindi na sala zenu, mkipita hapa saa 2 usiku mkatukuta tunagombania drafti, msidhani tunaupoteza mchango wenu. Nanyi wenzetu wa madarasa mengine, mkimwona mtu amekaa peke yake barazani na jambo lolote mkononi, gitaa, karata au kikombe cha chai, huenda anangoja. Kaeni.

Tunawaomba mmkumbuke ndugu yetu katika sala. Ameanza kozi ya mifugo karibu na kwao. Jumamosi iliyopita alituuliza nani anaongoza kwenye drafti, na safari hii tulikuwa na jibu.